Kushoto Mbili, Inakaza

Mumo aliinunua gemu hii Moi Avenue, ya mtumba,
kasha limepasuka pembeni,
elfu moja mia nane baada ya kubishana.
Akaileta Ngara, kwa Kulwant,
akachomeka nyaya nyuma ya runinga,
tukakaa watatu kwenye kochi
ambalo plastiki yake haijavuliwa tangu harusi ya binti.

Mimi ndimi niliyemsomea Kulwant njia
misimu kumi na mmoja, daftari magotini,
penseli imefungwa kamba shingoni.
Sasa sukari imemla macho.
Anaona mwanga, anaona kivuli cha mlango,
basi.

Nianze na sifa, maana mimi si mnyimi.
Changarawe wameipata.
Ile sauti ya kokoto zikipiga sakafu ya gari
kama bisi zinapoanza kuamka sufuriani.
Kulwant aliinua kidole: "Nne zinavuta zote.
Tairi zimechoka. Kijana, legeza mguu."
Na kweli, tairi zilikuwa zimechoka.

Uzito pia wameujua. Ingia kona kwa pupa
uone mkia unavyokutangulia, kama mgeni
anayefika mezani kabla hajanawa.
Breki ukiichelewesha kidogo, unalipa;
ukiichelewesha sana, unalipa na riba.
Hapo nawavulia kofia.

Lakini vumbi!
Vumbi lao linapanda, linageuka, linapotea kistaarabu.
Haliingii puani. Halikai kwenye meno siku tatu.
Halibaki likining'inia barabarani siku isiyo na upepo,
nanyi mkaingia ndani yake mwendo wa mia na sitini,
imani yenu yote ikiwa kwenye daftari.
Matope ni rangi tu. Mto tumeuvuka mara sita,
injini haijakohoa.
Watazamaji wamepigiliwa kando kama misumari,
sura nne zinarudiwarudiwa, koti lilelile jekundu;
hakuna anayekimbia kulisukuma gari litoke mtaroni
kisha akaomba stika.
Hakuna ng'ombe. Hakuna punda
aliyesimama katikati ya njia akiwaza yake.

Na ukigonga jiwe unabonyeza kitufe,
dunia inarudi nyuma sekunde kumi,
gurudumu mahali pake, kioo kizima.
Mumo anaiona ni neema.
Kulwant akauliza, "Inarudi mpaka wapi?"
Sekunde kumi tu, nikamwambia.
Akanyamaza.
"Haitoshi."

Kasoro ya mwisho ni ya kazi yangu, mnisamehe.
Yule mwelekezi wao. Sauti safi, amelala vizuri,
amekunywa chai. Tunaelekea korongoni
naye analitangaza korongo
kama mtu anayesoma bei ya nyanya.
Halafu anachelewa nusu pumzi.
Nusu pumzi ni mti.

Tukamzima. Kuna mahali pa kumzima, kwenye mipangilio.
Pedi akapewa Kulwant, nami nikasogea karibu na sikio lake:

Kulia nne, mia.
Kushoto mbili, inakaza, usikate.
Daraja. Hamsini. Tulia. Tulia.
Sasa.

Akapita. Mumo akaruka juu ya kochi, plastiki ikalia.
Tulikuwa wa arobaini na moja kati ya magari arobaini na mawili
na yule wa nyuma yetu alikuwa amepinduka,
lakini tulipita.

Kisha stima zikapotea, Ngara nzima, hadi kule Pangani.
Friji ikashusha pumzi. Mumo akateremka
kutafuta mshumaa dukani kwa Mama Nthenya.
Kulwant hakuiachilia pedi;
vidole gumba bado vimeinama.

"Tulikuwa tumefika wapi?"
"Kushoto tatu, tunapanda."
"Kunaonekana?"
Nikaitazama skrini nyeusi.
"Kuna vumbi," nikasema.
"Basi soma."